Dokta wa ngozi kamwambia mdogo wangu aache kila kitu abaki na mafuta ya mgando. Sendofu ni mwezi ujao!

#1 Mtoto wa Ilala
Wakuu, habari za muda huu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anasumbuliwa na chunusi tangu sekondari. Mwaka jana shoga yake akampeleka duka la dawa la mtaani, muuzaji akampa krimu nyeupe ya tyubu. Ndani ya wiki uso ukanyooka, ukang'aa, mpaka shangazi zetu wakawa wanauliza anapaka nini. Sasa hivi asipoipaka siku mbili tu uso unawaka, anasema ni kama kapakwa pilipili. Vipele vidogo vimezunguka mdomo na pua, na mashavuni vishipa vyembamba vimeanza kuonekana.

Nimempeleka hospitali kwa dokta bingwa wa ngozi. Nilitegemea tutoke na mfuko wa dawa. Yule mama badala ya kuandika akaanza kuhoji: uso unaosha na nini, taulo unachangia na nani, nyumbani nani anaosha vyombo, unalala saa ngapi, nani alikuambia una uso mbaya. Hilo la mwisho lilimtoa binti machozi. Halafu hukumu: acha krimu, acha skrabu, acha fandesheni, acha limau. Osha kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta ya mgando kidogo sana, meza hivi vidonge. Akamalizia: "Utakuwa mbaya kabla hujawa mzuri. Ngozi haina haraka, mwenye haraka ni wewe."

Tatizo sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni mwezi ujao. Kamati imekaa, michango imeingia, ukumbi umelipiwa. Mama anataka binti arudie ile tyubu mpaka shughuli ipite. Dokta yuko sawa kweli, au tumelipa hela ya bingwa tukaambiwe tununue mafuta ya watoto?

#2 Kisiki
Nakaa hapa pembeni nisubiri wataalamu.

#3 Chura wa Jangwani
Uzi bila picha ni tetesi.

#4 Mtoto wa Ilala
Chura wa Jangwani, niweke humu sura ya bibi harusi mtarajiwa imevimba? Mkwe akiwemo humu je?

#5 Tabibu Kijana
Mleta uzi, dokta wenu yuko sawa. Hiyo tyubu kwa maelezo yako ina steroidi, pengine betamethasoni au klobetasoli. Angalia jina dogo chini ya jina la biashara. Steroidi inazima uvimbe haraka, ndiyo maana wiki ya kwanza kila mtu anasifia. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, vishipa vinajitokeza, chunusi mpya zinaota, na vile vipele vya kuzunguka mdomo ni alama yake kabisa. Klobetasoli ina nguvu mamia ya mara kuliko haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi dhaifu, na hata sehemu nene za mwili haitakiwi kupitisha wiki mbili mfululizo bila daktari kusimamia. Uso haukuwa mahali pake tangu mwanzo.

Ukiacha, ngozi inalipuka. Huo mlipuko ndio unaomrudisha mtu dukani, akidhani dawa ilikuwa inamsaidia. Na kuacha vyote, hata vipodozi, ni tiba inayojulikana kwa vipele vya namna hiyo, hajawatania. Vidonge alivyopewa nadhani ni doksisaiklini, antibiotiki. Kama ndiyo, amezee maji ya kutosha, asilale hapo hapo, na jua la mchana aliepuke.

#6 Mama Wawili
Tabibu Kijana nakuunga mkono ila punguza ukali. Watu wakisoma "steroidi" humu wanakimbia. Mwanangu wa pili ana pumu ya ngozi, mikunjo ya magoti na viwiko ilikuwa vidonda. Jirani yangu aliniambia nisithubutu, nitamharibu mtoto. Dokta akanieleza kipimo: dawa inayofunika ncha ya kidole kimoja cha mtu mzima, kuanzia kwenye kiungo cha mwisho, inatosha eneo la viganja viwili. Siku chache, kisha mafuta ya mgando kila siku, hasa dakika chache baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Leo analala usiku. Dawa ile ile.

#7 Tabibu Kijana
Sahihi dada. Kosa ni kuuziwa bila mtu kukuangalia.

#8 Mjukuu wa Mzee Kondo
Mnazunguka sana. Maji ya Dar! Visima virefu vina chumvi, sabuni haitoi povu, ukimaliza kuoga ngozi inavuta. Mimi nilipohamia Mbeya nilipona vipele bila dawa yoyote.

#9 Kisiki
Mjukuu wa Mzee Kondo, binti anaoga maji hayo hayo mwili mzima. Mbona mgongo hauwaki?

#10 Mjukuu wa Mzee Kondo
Ngozi ya uso ni laini zaidi. Halafu Mbeya ni baridi, hakuna jasho.

#11 Kisiki
Basi ni baridi, siyo maji. Chagua moja.

#12 Bibi wa Unguja
Wanangu, bibi harusi huku anawekwa ndani kabla ya harusi, anasingwa kwa singo, anapakwa liwa. Hakuna tyubu hata moja. Liwa inapoza, hata mtoto mwenye harara tunampaka. Huyo binti mleteni Unguja.

#13 Tabibu Kijana
Bibi shikamoo. Liwa kwa harara sina ugomvi nayo. Ila kwa huyu ambaye ngozi imechubuka kwa ndani, singo yenye viungo na mafuta ya kunukia itamuunguza. Akipona ndiyo aje.

#14 Bibi wa Unguja
Marahaba mwanangu. Na huyo dokta mwambieni mafuta ya nazi yalikuwepo kabla ya hayo ya mgando.

#15 Dada Chunusi
Mafuta ya nazi kwenye uso wenye chunusi mimi hapana. Mwilini sawa. Usoni yaliniziba vinyweleo, nikaota mpaka kwenye paji la uso. Mwingine atasema yamemponya, kila mtu na ngozi yake.

Mleta uzi, kuhusu limau. Binti asijaribu tena akatoka nalo juani. Maji ya limau au ndimu yakikutana na jua ngozi inaungua, inabaki na michirizi ya kahawia. Nimeona kwa wauza juisi, viganja vya mikono vimetiwa madoa kama ramani.

#16 Mzee wa Moshi
Vijana, mnamsema bingwa kwa sababu hakuwapa mfuko wa dawa. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, kuna kituo cha kanda cha kufundisha matabibu wa ngozi tangu 1992, wanakuja kusoma kutoka nchi nyingi za Afrika. Nimewahi kukaa kwenye foleni yao na mke wangu. Shingo yake ilikuwa nyeusi, nene, ngumu, na makwapa hivyo hivyo. Alikuwa anaisugua kwa jiwe na dodoki, anadhani ni uchafu. Tabibu hakuandika krimu, aliandika kipimo cha sukari. Sukari ikakutwa juu. Kapunguza uzito, kaanza dawa, na shingo imepungua weusi pole pole bila kupaka kitu.

#17 Chura wa Jangwani
Mzee wa Moshi umenitisha. Nimeinuka kwenda kwenye kioo.

#18 Kisiki
Umeona nini?

#19 Chura wa Jangwani
Shingo sijui, nimeona kitambi.

#20 Mwana wa Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Msisahau kuwa tyubu nyingine hazina steroidi peke yake. Mkorogo una haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na kuna wenye zebaki. Zebaki haikai kwenye ngozi, inaingia mpaka kwenye figo. Hapa Kenya si habari mpya: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti wao juu ya watu wazima waliovimba miili kwa ugonjwa wa figo, na wengi wao walikutwa wanapaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 sasa, na bado zinauzwa sokoni.

#21 Mtoto wa Ilala
Mdogo wangu hajichubui, alikuwa anatibu chunusi.

#22 Mwana wa Kibokoni
Sijamtuhumu dadako, kaka. Nasema someni maandishi ya tyubu. Kwa wengine steroidi yenyewe hupakwa ili kung'arisha, kwa sababu inapausha ngozi.

#23 Polisi Jamii
TFDA, wale wa mamlaka ya chakula na dawa, wako wapi? Si walipiga marufuku haya madude?

#24 Karani wa Bandari
TFDA haipo tena kwa jina hilo. Tangu 2019 ni TMDA, wanashughulika na dawa na vifaa tiba. Vipodozi na vyakula vilihamia TBS, shirika la viwango. Kwa hiyo tyubu ya steroidi ni dawa, mlalamikie TMDA. Mkorogo ni kipodozi, nenda TBS. Ikiwa ni vyote viwili kwenye kopo moja lisilo na jina, Mungu akusaidie.

#25 Mkaazi wa Kigali
Huku Rwanda mwaka 2018 rais mwenyewe aliliongelea mtandaoni suala la krimu za kujichubua, akaitaka wizara ya afya na polisi wachukue hatua haraka. Wakaanza kupita madukani wakikusanya makopo. Zimepungua waziwazi, lakini anayezitaka bado anajua pa kuulizia.

#26 Fundi Cherehani
Mimi nasema ni msongo wa mawazo. Binti anaolewa, michango haijakamilika, mama mkwe anauliza maswali. Hata dokta kauliza analala saa ngapi. Mnadhani kauliza kwa umbea?

#27 Mtoto wa Ilala
Hilo sikulitaja vizuri. Alikaa naye muda mrefu kwenye habari ya usingizi. Alimwambia anayekosa usingizi ngozi yake inachelewa kupona. Akamwambia pia asijiangalie kwenye kioo cha simu kila saa, kwa sababu kila akijiangalia anaminya kipele, na anachominya kinaacha doa jeusi la miezi. "Chunusi ni ya wiki, doa ni la mwaka, na doa umeliweka wewe kwa kucha."

#28 Dada Chunusi
Huyo dokta apewe maua yake. Ngozi yetu nyeusi inaacha doa kwa kila kitu, hata mbu.

#29 Asiyeamini
Samahani, mimi naona ni biashara. Usingizi, maji, kioo: bibi yangu angeniambia bure. Na dokta anayesema "utakuwa mbaya kwanza" kajipa kinga, ukiwa mbaya kasema kweli, ukipona kakuponya.

#30 Tabibu Kijana
Asiyeamini, hoja yako ina akili ila haina mwili. Ngozi ya juu inajijenga upya kwa takriban wiki nne kwa kijana, na kadiri umri unavyokwenda inachelewa zaidi. Ndiyo maana tunamwambia mtu asubiri. Kitu kinachokubadilisha uso kwa siku tatu hakijajenga chochote, ama kimeunguza tabaka la juu au kimezima kengele.

#31 Asiyeamini
Haya. Na kuacha ghafla? Shemeji yangu aliambiwa na dokta mwingine apunguze taratibu: kila siku, kisha siku moja ndani ya mbili, kisha dawa dhaifu zaidi. Madokta wawili, maneno mawili.

#32 Tabibu Kijana
Kweli, madaktari wanatofautiana hapo. Wapo wanaokatisha mara moja na wapo wanaoshusha ngazi kwa ngazi. Inategemea nguvu ya dawa, muda uliotumika na sehemu ya mwili. Sijamuona mgonjwa, siwezi kumpinga aliyemuona.

#33 Mama Wawili
Mleta uzi mpigie dokta umuulize hilo hilo, na mtaje tarehe ya sendofu. Mlimwambia?

#34 Mtoto wa Ilala
Binti aliona aibu kusema.

#35 Kisiki
Hahaha! Ameulizwa mpaka taulo, la sendofu kalificha.

#36 Kinyozi Mstaafu
Kwa miaka yangu ya kunyoa naongezea lingine juu ya hilo la taulo. Wanaume mnaokuja na vipele vya kidevuni mnalaumu mashine. Mara nyingi ni nywele za kipilipili zilizokatwa chini sana zinajikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Acha ndevu kama mwezi hivi, ukirudi bakiza milimita moja, usinyoe kinyume na uotaji. Na spiriti siyo dawa ya vipele, ni ya kusafishia mashine. Mtu ananiambia "mwaga mwaga" mpaka machozi yanamtoka, anadhani anapona.

#37 Chura wa Jangwani
Mstaafu kwa nini ulistaafu, ulimkata nani?

#38 Kinyozi Mstaafu
Macho, mwanangu. Yangu, siyo ya mteja.

#39 Mwalimu wa Bweni
La taulo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Bweni letu liliingiwa na upele, ule unaowasha usiku, katikati ya vidole, kiunoni, makwapani. Mzazi mmoja alikataa kabisa: "kwetu ni wasafi". Upele hauulizi usafi, ni mdudu anayehama kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Waliopakwa peke yao wakaambukizwa tena wiki iliyofuata. Tulipofanikiwa ni pale kila mtu alipopakwa BBE, dawa ya maji ya upele, siku moja, shingo mpaka unyayo, na mashuka na nguo zikafuliwa kwa maji moto siku hiyo hiyo. Muwasho ukaendelea wiki kama mbili hivi hata wadudu wakiwa wamekufa, wazazi wakapiga simu kusema dawa ni feki.

Na mapunye nayo: krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, mtoto anahitaji vidonge.

#40 Mpenzi wa Rege
Mimi niulize jambo: sisi weusi tunahitaji losheni ya kinga ya jua? Dokta kamwambia binti nini?

#41 Mtoto wa Ilala
Kamwambia kwa sasa kofia pana na mtandio, losheni baadaye uso ukitulia.

#42 Asiyeamini
Losheni za jua ni za wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Sisi jua tumeumbiwa.

#43 Mzee wa Moshi
Kwa wenye ualbino ni suala la uhai, saratani inawaanza wakiwa vijana. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hapa Moshi kwa ajili yao. Usiizungumze kama anasa.

#44 Mpenzi wa Rege
Asiyeamini, Bob Marley alikufa kwa saratani ya ngozi, unajua?

#45 Asiyeamini
Alikufa kwa kidole alichoumia kwenye mpira. Kila shabiki anajua.

#46 Tabibu Kijana
Mpira ulifanya kidole kitazamwe, lakini kilichokutwa chini ya ukucha kilikuwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Alifariki Miami, Mei 1981, akiwa na miaka 36. Sasa Mpenzi wa Rege naye asije akaitumia kuuza losheni: aina ile hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali jua halipigi sana, na haionekani kusababishwa na jua. Ndiyo inayotusumbua zaidi sisi weusi. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja unaopanuka, au doa la unyayoni linalokua, vikaonwe mapema.

Losheni ya jua kwetu inasaidia zaidi kwa wenye madoa ya usoni yanayokolea juani. Kwa hao ile yenye rangi ya ngozi ni bora kuliko nyeupe, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana unayakoleza.

#47 Kisiki
Uzi umeanza na sendofu umefika Jamaika.

#48 Fundi Cherehani
Turudi. Mama mtu anasemaje sasa?

#49 Mtoto wa Ilala
Nimempigia dokta, namba ilikuwa kwenye kadi. Nikamweleza tarehe. Kacheka, akasema tungemwambia mapema. Msimamo wake haujabadilika kwenye ile tyubu, ila binti arudi wiki ijayo amuone, kuna dawa isiyo ya steroidi anaweza kumuongezea. Mpambaji aje na vipodozi vyake wiki moja kabla, vijaribiwe kwanza nyuma ya sikio.

Mama hajakubali. Kanunua tyubu nyingine, kaificha kwenye kabati la vyombo. Binti kaniambia ameiona.

#50 Dada Chunusi
Iibe.

#51 Asiyeamini
Mimi niko upande wa mama. Siku moja tu, apake, apigwe picha, kisha aanze dozi ya dokta.

#52 Mama Wawili
Siku moja? Kuna sendofu, kuna harusi, kuna kuvunja kamati, kisha fungate. Atapaka mpaka mtoto wa kwanza.

#53 Mjukuu wa Mzee Kondo
Aoshe uso kwa maji ya mvua mpaka siku hiyo. Nitarudi hapa mtaniambia.

#54 Karani wa Bandari
Nje ya mada kidogo wakuu: mama yangu ana magaga, visigino vimepasuka mpaka vinatoa damu. Kapaka mafuta yote. Naye nimpeleke kwa bingwa?

#55 Mwana wa Kibokoni
Aloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, asugue pole pole, akaushe, apake mafuta ya mgando kwa wingi kisha avae soksi usiku. Kuna krimu za yurea, asilimia 10 mpaka 25, zinalainisha zaidi. Asikate kwa wembe. Na mpime sukari kabla hujagusa hiyo miguu.

#56 Karani wa Bandari
Soksi na joto hili la Dar?

#57 Bibi wa Unguja
Mwambie awashe feni.